Madaraja ya ndege ukitoka Luano: unacholipia hasa

Mtu akiingia ajansi ya tiketi katikati ya Lubumbashi na kusema anaenda Guangzhou, China, kununua mali, ataonyeshwa bei mbili, na ya pili inaweza kuwa mara tatu au nne ya ile ya kwanza. Ya kwanza ni ekonomi, ya pili ni biznesi. Akiuliza tofauti, mara nyingi hujibiwa kwa kifupi: "Mama, kule unalala, huku unakaa." Jibu hilo lina ukweli, lakini mtu akilipa maelfu ya dola kwa kulifuata peke yake, anaweza kujikuta amelipia kitanda ambacho hakimo kabisa katika ndege aliyopanda. Neno biznesi halitoshi. Lazima ujue ni ndege gani, inaruka saa ngapi, na kiti hicho kimeuzwa kwa masharti gani.

Tuanze na ndege yenyewe. Safari ndefu za wakaaji wa Lubumbashi karibu zote huanza na kipande kifupi. Ukikata tiketi ya Ethiopian Airlines, unapelekwa kwanza Addis Ababa, kilomita 2,600 hivi kutoka kiwanja cha Luano. Ukikata ya Kenya Airways, unapelekwa Nairobi, kama kilomita 1,550. Vipande vya namna hii mara nyingi hufanywa na ndege nyembamba zenye njia moja tu ya kupita katikati, kama Boeing 737 ya Ethiopian au Embraer 190 ya Kenya Airways. Embraer hiyo ina viti 12 vya biznesi na 84 vya ekonomi. Vile 12 ni vipana, mgongo unaegemea nyuma vizuri, na chakula kinaletwa kwenye sahani ya kweli. Lakini si vitanda. Ni kiti kizuri kwa safari ya saa mbili au tatu na nusu, ambayo mtu mzima mwenye afya huivumilia popote alipokaa.

Kitanda kinaanzia kwenye kipande cha pili, kwenye ndege pana zenye njia mbili za kupita. Boeing 787-8 ya Kenya Airways inabeba abiria 234: 30 biznesi, 204 ekonomi. Boeing 787-8 hiyo hiyo, mikononi mwa Ethiopian, inabeba 270: 24 biznesi, 246 ekonomi. Urefu wa ndege ni ule ule, upana ni ule ule, lakini tofauti ni watu 36. Ndiyo maana jina la ndege peke yake nalo halitoshi. Kila kampuni inapanga viti vyake inavyotaka. Mimi hesabu hii ya viti ndiyo ninayoitafuta kwanza, kabla ya picha za matangazo, kwa sababu picha huonyesha kiti kimoja tu, tena kikiwa kitupu.

Kinachopimwa katika ekonomi ni vitu viwili. Kwanza, umbali kutoka alama moja ya kiti chako hadi alama ile ile ya kiti cha mbele: kwa ndege nyingi za safari ndefu ni inchi 31 au 32, yaani sentimita 79 hadi 81. Ndani ya kipimo hicho kuna unene wa mgongo wa kiti pia, kwa hiyo magoti yako hayapati sentimita zote hizo. Pili, upana: inchi 17 hadi 18, sentimita 43 hadi 46. Boeing ilipochora ile 787 iliacha uwezekano wa kuweka viti vinane kwa mstari. Karibu kampuni zote zimeweka tisa, vitatu vitatu, na Japan Airlines ni kati ya chache zilizobaki na vinane. Airbus A330 kwa kawaida inapangwa viti viwili pembeni, vinne katikati, viwili pembeni. Hilo linaonekana dogo, lakini bwana na bibi wanaosafiri pamoja wakipata vile viwili vya pembeni, hawana mtu wa tatu wa kumruka kila wanapoenda msalani. Brussels Airlines inatumia A330 kwenda Kinshasa, na kwa wenye familia Ubelgiji hiyo ni sababu halali ya kuitazama, ingawa utalazimika kwanza kufika Kinshasa kwa ndege ya ndani. Air Congo, iliyoanza kuruka Desemba 2024, ni mojawapo ya njia za kufika huko. Serikali ina asilimia 51 ndani yake na Ethiopian asilimia 49.

Katika biznesi cha kuuliza ni kimoja: je, kiti kinalala sawasawa kabisa? Kuna viti vilivyonyooka kama kitanda, na kuna vya zamani vinavyonyooka huku vikiinama, kiasi kwamba usiku kucha unateremka polepole kuelekea miguuni. Vyote viwili vinauzwa kwa jina la biznesi. British Airways iliweka vitanda vilivyolala sawa katika biznesi mwaka 2000, na tangu hapo kampuni nyingine zimefuata, lakini si kwa ndege zao zote. Baadaye ulikuja mlango: Qatar Airways ilileta mwaka 2017 vyumba vidogo vya biznesi vyenye mlango wa kufunga. Kati ya hayo kuna mpangilio wa viti. Pale viti vinapokuwa viwili viwili viwili, kama katika 787 ya Kenya Airways, aliye dirishani lazima amruke jirani aliyelala ili atoke. Kwa bei ile ile unaweza kuwa na kampuni nyingine yenye kiti kimoja, viwili, kimoja, ambapo kila abiria anatokea njiani moja kwa moja. Kuna tovuti zinazochora ramani za viti kwa kila ndege, aeroLOPA ikiwa mojawapo, na ramani ya kampuni yenyewe inaonekana unapochagua kiti. Mwambie ajanti akufungulie ramani hiyo mbele yako kabla ya kulipa. Ni haki yako, na ni dakika mbili.

Herufi inayoamua zaidi kuliko kiti

Mwanzo wa madaraja haya unasaidia kuelewa jambo ambalo ajansi nyingi hazilifafanui. Mwaka 1952 kampuni zilizovuka Atlantiki ya Kaskazini zilianza kuuza nauli ya watalii, ya chini kuliko ya kawaida, na mwaka 1958 likaja daraja la ekonomi. Miaka ya 1970 nauli za punguzo ziliongezeka, na watu wa kazi waliolipa ekonomi kwa bei kamili, kwa sababu waliamua safari jana yake, walijikuta wamekaa bega kwa bega na watu waliolipa nusu. Wakalalamika. Mwishoni mwa miaka hiyo kampuni kadhaa, zikiwemo Pan Am, British Airways na Qantas, zikawatengea sehemu yao. Hivyo ndivyo biznesi ilivyozaliwa: haikuanza na kitanda, ilianza na masharti ya nauli. Kitanda kilikuja miaka mingi baadaye.

Masharti hayo bado yapo, yamefichwa katika herufi moja kwenye tiketi. Kampuni nyingi hutumia Y kwa ekonomi ya bei kamili, J au C kwa biznesi, F kwa daraja la kwanza. Lakini chini ya Y kuna herufi nyingine nyingi, na kila moja ni bei yake na sheria zake. Abiria wawili wanaweza kukaa mstari mmoja, wakala chakula kimoja, mmoja akiwa na ruhusa ya kubadilisha tarehe bila faini na kurudishiwa pesa asiposafiri, na mwingine akiwa na tiketi inayokufa siku hiyo hiyo akichelewa kufika kiwanjani. Mmoja anaandikiwa maili zote za safari, yaani pointi ambazo kampuni humpa abiria wake ili azitumie baadaye, mwingine robo, mwingine hata moja hapati.

Kwa mfanyabiashara wa Lubumbashi, naona hapa ndipo pesa nyingi hupotea au huokolewa, kuliko kwenye kiti. Fikiria safari ya kununua mali ilivyo kweli. Viza inaweza kuchelewa wiki. Kiwanda kinaahidi mzigo Jumatatu, kinautoa Ijumaa. Mteja aliyeahidi kulipa anasafiri Kolwezi na simu haishikwi. Mtu wa namna hiyo anahitaji ekonomi yenye herufi ya juu, ile inayobadilishika, kuliko anavyohitaji biznesi ya punguzo. Ndiyo, biznesi nayo ina punguzo, na biznesi ya punguzo inaweza kuwa na masharti magumu kuliko ekonomi kamili. Wapo wanaolipa mara tatu wakidhani wamenunua uhuru, kumbe wamenunua godoro tu. Swali la kumwuliza ajanti ni rahisi: "Nikibadilisha tarehe nalipa ngapi? Nisiposafiri narudishiwa ngapi?" Jibu liandikwe kwenye karatasi ya tiketi, lisibaki mdomoni.

Mzigo pia unaingia hapa. Kawaida ya kampuni nyingi ni kilo 23 kwa kila valizi ya ekonomi na kilo 32 kwa ile ya biznesi, na kilo 32 ndiyo mwisho wa valizi moja kwa sababu ya migongo ya wafanyakazi wanaozibeba. Idadi ya valizi hutofautiana kwa kampuni na kwa njia. Anayerudi na sampuli za viatu au vipuri vya gari apige hesabu ya kilo zote za ziada atakazolipia. Mara chache hesabu hiyo huifanya biznesi iwe karibu zaidi kuliko ilivyoonekana, mara nyingi huonyesha kwamba valizi moja ya ziada ni rahisi kuliko kitanda.

Kwa nini bei inaruka hivyo

Watu wengi huona bei ya biznesi kama tamaa tupu. Tazama sakafu ya ndege. Tuseme mstari wa biznesi una viti sita na unachukua sentimita 190 za urefu wa ndege. Kila abiria anakalia kama sentimita 32 za urefu huo. Mstari wa ekonomi una viti tisa na unachukua sentimita 80. Kila abiria anakalia karibu sentimita 9. Mtu wa biznesi anatumia nafasi ya watu watatu na nusu. Kwa hiyo bei ya mara tatu na nusu bado haijaiongezea kampuni kitu kwa nafasi hiyo; ikizidi hapo ndipo unalipia chakula, sebule ya kusubiria, utayari wa mtu mwingine kulipa, na faida. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2013 ulitumia hoja kama hii kuhesabu moshi wa ndege, ukaona kwamba abiria wa biznesi anastahili kuhesabiwa kama mara tatu ya yule wa ekonomi.

Hesabu hiyo inakupa pia kipimo chako mwenyewe: bei ya saa moja ya kitanda. Tuseme kwenda na kurudi Guangzhou kwa ekonomi ni dola 1,200 na biznesi ni 3,600. Tofauti ni 2,400. Kati ya Addis Ababa na Guangzhou ni saa kumi hivi, usiku, kila upande. Ukitoa saa mbili za kupaa, kula na kutua kila upande, zinabaki saa 16 ambazo kitanda kina kazi. Kila saa ya kulala imekugharimu dola 150. Mtu ambaye asubuhi yake anakutana na mwenye kiwanda na kusaini mkataba wa makontena anaweza kuona dola hizo zina maana. Anayefika na kupumzika siku mbili kwa ndugu yake haoni. Sasa fanya hesabu ile ile kwa Dubai. Kutoka Addis Ababa ni saa nne. Ukitoa muda wa kupaa, kula na kutua, kitanda kinabaki na saa mbili. Kwa maoni yangu biznesi ya Lubumbashi kwenda Dubai haijilipi kwa kulala, hata kama ajanti anaisifu.

Kutoka hapo linakuja jambo ambalo wengi hawajui kwamba linaruhusiwa: tiketi moja yenye madaraja mawili. Luano hadi Addis Ababa ekonomi, Addis Ababa hadi Guangzhou biznesi. Si kampuni zote zinaiuza kwa bei nafuu, wakati mwingine mashine ya bei inakataa na kutoa hesabu ya ajabu, lakini inafaa kuulizwa. Njia nyingine ni kukata ekonomi, kisha kuomba kupandishwa kwa kipande cha usiku tu, kwa maili au kwa kulipa tofauti siku za mwisho. Mwenye maili za ShebaMiles, mpango wa maili wa Ethiopian, anaweza kuzitumia pia kwa kampuni nyingine za Star Alliance, kundi ambalo Ethiopian iliingia mwaka 2011.

Madaraja ya katikati na ya juu

Kati ya ekonomi na biznesi lipo daraja la primiamu ekonomi. Virgin Atlantic na EVA Air ya Taiwan zililianzisha mwaka 1992. Ni kiti kipana kidogo, sentimita 96 hivi badala ya 80 kutoka kiti hadi kiti, mgongo unaoegemea zaidi, lakini hakuna kulala sawa. Katika 787 za Ethiopian na Kenya Airways nilizozitaja halimo. Brussels Airlines inalo kwa Kinshasa. Kwa mzee mwenye miguu inayovimba, kama bei haijafika mara mbili ya ekonomi, nalipenda kuliko biznesi. Daraja la kwanza nalipita haraka, kwa sababu kwa anayetoka Katanga ni karibu habari ya watu wengine: Emirates yenye bafu katika A380 tangu 2008, Air France yenye viti vinne tu katika baadhi ya 777 zake. Wanaovuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa hadi Lusaka kupanda Emirates wanaweza kuliona kwenye orodha ya bei. Ni zuri, na si la lazima kwa safari yoyote ninayoifahamu.

Ndani ya ekonomi yenyewe viti havilingani. Mstari wa mlango wa dharura una nafasi kubwa ya miguu, lakini meza na skrini hukunjwa ndani ya mikono ya kiti, hivyo kiti kinakuwa chembamba kidogo, na watoto hawaruhusiwi hapo. Mstari wa kwanza nyuma ya ukuta ndipo vinapofungwa vitanda vya watoto wachanga: mama mwenye mtoto wa miezi sita auombe mapema, na asiyependa kilio cha usiku auepuke.

Hewa, damu na wagonjwa

Vipo vitu ambavyo daraja haliviuzi. Hewa ya ndani ni kimojawapo. Ndege za zamani huweka shinikizo la ndani kama la mlima wa mita 2,400. Boeing 787 na Airbus A350 zinashusha hadi mita 1,800 hivi, na unyevu wa hewa ni bora zaidi. Luano yenyewe iko karibu mita 1,300 juu ya bahari, kwa hiyo katika ndege hizo mpya mwili wa mtu wa Lubumbashi haupandi sana. Aliye ekonomi ndani ya A350 anapumua vizuri kuliko aliye biznesi ndani ya ndege ya zamani.

Kuhusu damu kuganda miguuni, watu wamezoea kuiita ugonjwa wa ekonomi. Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya utafiti wake mwaka 2007: hatari huongezeka kama mara mbili kwa anayekaa bila kusogea saa nne au zaidi, nayo ni karibu mtu mmoja kwa kila 6,000, iwe ni kwa ndege, basi, gari au treni. Tatizo ni kukaa tuli. Aliye biznesi akilala saa nane bila kugeuka hayuko salama kwa sababu ya bei ya kiti. Simama, tembea, kunja vidole vya miguu, kunywa maji.

Wagonjwa wanaopelekwa India ni jambo jingine, na hapa siwezi kupendekeza kubana matumizi. Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga au mgongo, ambaye daktari amesema asikunje mguu, anahitaji kitanda, au asisafiri bado. Kampuni nyingi zitaomba fomu ya afya iliyojazwa na daktari kabla ya kumpokea. Na ajabu kwa wengi: machela haifungwi biznesi. Kwa kawaida hufungwa juu ya viti vya ekonomi vilivyokunjwa, familia ikilipia viti vyote hivyo. Kwa hiyo ajanti aulizwe mapema kabisa, siyo siku ya safari, na aulizwe pia kuhusu kipande cha Luano, kwa sababu kitanda cha 787 hakimsaidii mgonjwa ambaye kwanza lazima akae saa tatu na nusu ndani ya 737.

Siku ya kurudi, kodi nayo huuliza daraja. Tangu Machi 2025 Ufaransa inatoza kila abiria anayeanza safari kwake kwenda zaidi ya kilomita 5,500 euro 40 kwa ekonomi na 120 kwa biznesi. Uingereza inafuata kiti: aliye daraja la chini kabisa analipa kodi ndogo, lakini kiti chake kikizidi inchi 40 kutoka cha mbele, anahesabiwa na wakubwa. Aliye primiamu ekonomi akitokea London hulipa kodi ile ile ya biznesi.

Mwisho, ukishushwa. Hutokea: ndege imebadilishwa, viti vya biznesi vimepungua, unaambiwa urudi nyuma. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inasema kampuni ikikuweka daraja la chini kuliko ulilolipia, ikurudishie ndani ya siku saba asilimia 75 ya bei ya kipande hicho, kikiwa cha zaidi ya kilomita 3,500 kwenda au kutoka nje ya Ulaya. Inahusu ndege yoyote inayoondoka Umoja wa Ulaya, hata ya Ethiopian kutoka Brussels, na kampuni za Ulaya zinapokuja huko, kama Brussels Airlines kutoka Kinshasa. Haiihusu Ethiopian ikitoka Addis Ababa kwenda Brussels. Ukikubali kuketi nyuma, usitupe kadi ya kwanza ya kupandia yenye namba ya kiti cha biznesi. Omba na ya pili, uzipige picha zote mbili ukiwa bado mlangoni, na udai kwa maandishi.